Safari za Visiwani: Merikebu Isiyo na Bunduki

Mwezi huu twawachukua mbali, hata Bahari ya Pasifiki, kwenye visiwa vya Melanesia, ambako kwa miaka mingi merikebu ya matanga ilikuwa kanisa na shule na nyumba kwa Wakristo wachache wa huko. Jina lake Southern Cross, maana yake Msalaba wa Kusini, kwa ajili ya zile nyota ambazo sisi nasi twaziona usiku upande wa kusini.

Mwanzo wa kazi hiyo ni Askofu Selwyn wa New Zealand, aliyeanza mwaka 1849 kuvizungukia visiwa katika chombo kidogo kiitwacho Undine, bila silaha. Visiwa ni vingi mno, na kisiwa kimoja chaweza kuwa na lugha mbili au tatu. Walimu wa kuvitosha wangepatikana wapi? Basi akaona afadhali awatwae vijana wachache kila mahali, wafundishwe New Zealand miezi ya joto, kisha warudishwe makwao kabla ya baridi, wawe walimu wa watu wao. Mwaka 1855 alikuja John Coleridge Patteson kumsaidia, naye mwaka 1861 akawekwa wakfu kuwa Askofu wa Melanesia. Husemwa kwamba alijua kusema lugha 23 za visiwa hivyo.

Maisha ya chomboni hayakuwa ya raha. Wavulana wa visiwa mbalimbali, ambao baba zao hawakupatana, walilala ubavu kwa ubavu. Viazi vikuu vilivyonunuliwa pwani kwa ndoana na mashoka vilirundikwa chini, maana ndivyo chakula cha shule. Sala na mafundisho yakawa kwa lugha ya kisiwa cha Mota, ambayo hatimaye Wakristo wote wa misheni ile waliitumia. Upepo ukikoma, hapana la kufanya ila kungoja, na mkondo ukikokota chombo kuelekea mwambani, ni hofu tupu. Ninyi mliosafiri kwa jahazi hamna haja ya kuelezwa.

Lakini kazi kubwa ilikuwa ya kushuka pwani. Gati hakuna. Merikebu ilikaa mbali na mwamba, mashua ikateremshwa, na ilipofika karibu Askofu aliiacha, akaogelea au akapita majini kwa miguu peke yake, zawadi zake ndogo zimo kofiani. Wenzake walibaki ndani ya mashua, makasia mkononi. Akiisha kufika aligawa ndoana, akauliza majina ya watu, akayaandika kitabuni. Safari ya pili akawaita kwa majina yao. Sisi twadhani jambo hilo dogo lilifaa kuliko zawadi zote.

Nao wa pwani waliona nini? George Sarawia wa Vanua Lava alisimulia baadaye kwamba siku aliyowaona wazungu mara ya kwanza aliwatazama viatu vyao, akafikiri miguu yao imefanywa kwa magamba ya kombe, hata mifupa yake ikatetemeka. Kijana huyo ndiye aliyefanywa shemasi mwaka 1868, wa kwanza katika Wamelanesia wote.

Hatari ilikuwapo tangu mwanzo. Mwaka 1864, katika kisiwa cha Santa Cruz, mashua ilipigwa mishale, na vijana wawili wa Norfolk Island, Edwin Nobbs na Fisher Young, wakafa kwa pepopunda. Hata hivyo Askofu hakutia bunduki chomboni.

Ndipo ikaja hatari nyingine. Tangu mwaka 1863 merikebu zilitafuta watu wa kulima mashamba huko Queensland, na nyingine zikaenda Fiji. Wako waliokwenda kwa hiari yao, na wako waliodanganywa au kukamatwa kwa nguvu. Zilivuma habari kwamba wanyang'anyi wengine walijisingizia kuwa ni chombo cha Askofu. Mababu wa pwani yetu, walioonywa na hadithi za watoto waliorubuniwa kwa tende na halua, wangalifahamu upesi. Mtu asimamaye ufukweni aona matanga tu; moyo wa nahodha hauoni.

Tarehe 20 Septemba 1871 Southern Cross ilifika Nukapu. Maji yalikuwa yamekupwa, mashua haikuweza kuvuka mwamba. Askofu akaingia katika mtumbwi wa wenyeji, akaenda nao pwani, mashua ikangoja nje. Mara watu wa mitumbwi iliyokuwa karibu wakapiga mishale. Padre Joseph Atkin akajeruhiwa, na Stephen Taroaniara, Mkristo wa kisiwa cha Makira, akachomwa mishale mingi. Wakavuta makasia hata merikebuni. Maji yalipojaa, Atkin, ingawa ana jeraha, alirudi na mashua kumtafuta Askofu, kwa kuwa ndiye aliyeijua njia. Wakaona mtumbwi ukielea bila mtu wa kuuvuta. Ndani yake mlikuwa na maiti ya Askofu, imefungwa katika mkeka, ina majeraha matano, na juu yake kuti la mnazi lenye mafundo matano.

Wenzake walifahamu kwamba ni kisasi cha watu watano walioibwa. Wako wanachuoni wa siku zetu wasiosadiki hayo yote. Wasema huenda watu wa Nukapu walichukizwa na desturi ya Misheni yenyewe ya kuwachukua vijana, ijapokuwa ni kwa shule. Haifai kulificha neno hilo. Mama aliyeachwa ufukweni huona mtoto wake akienda, basi.

Askofu alizikwa baharini kesho yake. Haikutimia wiki mbili, Atkin na Stephen wakafuata, kwa pepopunda ile ile. Manowari ya Kiingereza Rosario ikaenda Nukapu mwaka ule ule ikapiga mizinga. Hatudhani kwamba marehemu angalitaka hivyo. Mwaka 1872 Bunge la Uingereza likaweka sheria juu ya wizi wa watu katika visiwa hivyo, lakini kazi ya kuchukua watu kwenda Queensland ilidumu hata mwanzo wa karne ya ishirini.

Sarawia alikuwako Mota, akifundisha. Mwaka 1873 akapewa upadre. Mwaka 1884 msalaba ukasimamishwa Nukapu, na waliouleta walifika kwa Southern Cross nyingine, wakashuka kwa mashua, wakangoja maji yajae.