Nauli ya Vita: Ilani ya Kuanzishwa kwa Vuguvugu Letu

Sisi ni makuli wa bandari, walimu, wauguzi na wanafunzi tunaoishi Hamburg. Wengine tumetoka Dar es Salaam na Mombasa, wengine ni Waherero, Wanama na Waduala, na wamo Wajerumani waliozaliwa hapahapa. Ilani hii tunaitoa kwa lugha zetu zote. Hii ndiyo ya Waswahili.

Nenda Große Reichenstraße namba 27. Mlangoni utamkuta shujaa wa shaba, Mwafrika, kasimama na silaha zake. Ingia hadi uani, utawakuta tembo wawili wenye pembe ndefu. Jengo hilo linaitwa Afrikahaus. Lilichorwa na msanifu Martin Haller kuwa makao ya kampuni ya C. Woermann. Kila tunapopita pale hasira hutupanda upya, kwa sababu mwenye kampuni hiyo aliiweka Afrika mlangoni mwake kama bawabu.

Adolph Woermann aliushika usukani wa kampuni ya baba yake mwaka 1880. Meli zake zilipeleka Afrika Magharibi pombe kali, bunduki na baruti, zikarudi na mawese, mpira na pembe za ndovu. Akaogopa kwamba Waingereza na Wafaransa watamfungia soko, akambana Kansela Bismarck mpaka Bismarck akakubali. Tarehe 12 Julai 1884 mawakala wa kampuni mbili za Hamburg, yake ikiwamo, walitia saini mkataba na wafalme Bell na Akwa huko Duala, Kamerun. Siku mbili baadaye bendera ya Ujerumani ikapandishwa. Karani wa duka ndiye aliyetangulia kushika kalamu. Mjumbe wa Kaisari akafuata na bendera. Wafalme walikuwa wameweka sharti kwamba ardhi yao isiguswe. Mjukuu wa Bell, Rudolf Duala Manga Bell, alinyongwa tarehe 8 Agosti 1914 kwa kuipigania ardhi hiyo.

Kabla ya hapo vilikuja vita. Waherero waliposimama dhidi ya Wajerumani Januari 1904, ilibidi maelfu ya askari, farasi, mizinga na chakula vifikishwe Swakopmund, pwani ya Namibia ya leo, na njia ya baharini ilikuwa mikononi mwa Woermann. Sasa, Swakopmund haina bandari ya asili. Meli zilitia nanga nje, shehena ikashushwa kwa mashua katikati ya mawimbi, kidogo kidogo. Sisi tunaofanya kazi gatini tunalijua jambo hili bila kufundishwa: meli ikingoja, tozo inapanda. Serikali ililipa nauli, ikalipa upakuaji, ikalipa hata siku za kungoja. Mwaka 1906 mbunge Matthias Erzberger alisimama katika Reichstag akapiga kelele kwamba hazina inakamuliwa, na kashfa ikawa kubwa. Kashfa yenyewe ilihusu ankara. Wakati huo Jenerali von Trotha alikwishatoa amri yake ya 2 Oktoba 1904, kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka apigwe risasi. Walionusurika jangwani walifungwa makambini, na kampuni ya meli ilikuwa na kambi yake yenyewe Swakopmund. Mashua zile zilipakuliwa na wafungwa.

Ndugu yetu wa Dar atauliza yanamhusu nini. Mwaka 1890 iliundwa hapa Hamburg kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, Woermann akiwa miongoni mwa waasisi, kwa ruzuku ya serikali iliyofika maki 900,000 kwa mwaka. Hizo ndizo meli zilizounganisha Hamburg na Tanga na Dar es Salaam, kabla ya vita vya Majimaji na wakati wa vita hivyo. Na tazama yaliyompata Wissmann, aliyeongoza vita vya kumwangamiza Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani. Sanamu yake ilisimamishwa Dar es Salaam mwaka 1909, ikaletwa Hamburg mwaka 1922, na wanafunzi wakaiangusha chini mwaka 1968. Tunawashukuru wanafunzi wale. Ila aliyewasafirisha askari hakuguswa na kamba yao.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha Songea, mji wenye jina la nduna aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Kuhusu Namibia, mwaka 2021 Ujerumani ilitamka neno mauaji ya kimbari na kuahidi euro bilioni 1.1 kwa miaka 30. Mezani zilikaa serikali mbili. Waherero na Wanama wengi walilalamika kwamba wamewekwa kando, na tuko pamoja nao. Tunaongeza dai letu: kiti kingine ni cha wenye meli.

Tunadai vitabu vya hesabu vya kampuni zote zilizobeba askari, silaha na wafungwa vifunguliwe, na vinakiliwe Windhoek, Yaoundé na Dar es Salaam. Tunadai mtoto wa shule anayefundishwa jina la jenerali afundishwe pia nani aliuza nafasi melini, na kwa bei gani. Fidia ikijadiliwa, faida ya nauli ihesabiwe.

Mkutano wetu wa kwanza ni pale pale mlangoni, namba 27, Jumamosi asubuhi. Mwenye barua ya zamani, tiketi au picha aje nayo. Asiye na karatasi aje na jina la babu au bibi yake, tutaliandika.