Mzee wa kemikali na msosi wa mchana

Mimi nimechoka. Si kwa kazi, nimechoka kwa ushabiki. Juzi niko kibanda umiza pale mtaani kwetu, Mashetani Wekundu wanachezewa kama watoto wa shule ya vidudu, mara mshikaji mmoja nyuma yangu akapayuka: "Huyu mzee arudi akauze ndoo zake!" Kibanda kizima kicheko. Nikajiuliza, ndoo gani tena? Basi nikaenda kumchimba huyo mzee.

Anaitwa Jim Ratcliffe, na kuhusu ndoo mshikaji hakukosea sana. Kampuni yake, INEOS, inatengeneza kemikali na zile punje za plastiki zinazokwenda kuyeyushwa viwandani, zikatoka bomba la maji, chupa, ndoo, hadi ganda la waya wa umeme. Dukani jina lake hulioni kwenye bidhaa, ndiyo maana kwa miaka mingi alikula mapene kimyakimya. Mwaka 2018 gazeti la Sunday Times likatoa orodha yake ya matajiri wa Uingereza, watu wakashangaa: namba moja ni mzee wa plastiki, pauni bilioni 21!

Wengi wetu huku jina hilo tulilisoma kifuani kwa Mkenya. Ilikuwa Vienna, Austria, 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipomaliza kilomita 42 na ushee kwa saa 1:59:40. Aliyegharamia shughuli ile ni INEOS. Siku hiyo nilimpenda bwana, sifichi.

Na ukisikia alikotoka utampenda zaidi. Kazaliwa 1952 Failsworth, jirani kabisa na Manchester, baba yake seremala, wanaishi nyumba ya kupanga ya halmashauri. Akasoma uhandisi wa kemikali Chuo Kikuu cha Birmingham, akapata kazi kampuni ya mafuta ya BP. Siku tatu tu, akatimuliwa! Kisa? Karatasi ya daktari ilionyesha ana pumu ya ngozi, wakaona mtu huyu na kemikali wapi na wapi.

Sasa usidhani huyu jamaa aligundua dawa au kemikali mpya. Wapi! Mwaka 1992, akielekea miaka 40, yeye na mwenzake walinunua kitengo cha kemikali ambacho BP hao hao hawakukitaka tena, pesa nyingi za kukopa. Mwaka 1998 akaanzisha INEOS kwa kiwanda cha Antwerp, Ubelgiji. Kutoka hapo akawa anapita kwa vigogo, BP, ICI, BASF, anachukua walichochoka nacho. Ni akili ile ile ya mtu anayenunua daladala iliyolala juu ya mawe, anaifufua, anabana matumizi, hesabu ya jioni inaanza kuingia. Ila zake zilikuwa daladala za mabilioni. Mwaka 2005 BP walimuuzia kampuni yao ya Innovene kwa dola bilioni 9. Yule yule waliyemtimua kwa pumu ya ngozi!

Lakini mkopo una meno. Mwaka 2008 uchumi wa dunia ulipoyumba, akaiomba serikali ya Uingereza imvumilie kodi ya VAT ya pauni milioni 350. Wakagoma. Mwaka 2010 kahamishia makao makuu Uswisi, yakarudi London 2016. Mwaka 2018 akapewa cheo cha "Sir", miaka miwili baadaye kahamia Monaco, ambako mkazi wa kawaida hakatwi kodi ya mapato. Sir kweli kweli.

Neno "kubana matumizi" ukilisema haraka halina ubaya. Oktoba 2013 pale Grangemouth, Scotland, wafanyakazi walikataa kufungiwa nyongeza ya mishahara na kupunguziwa pensheni. Mzee akatangaza kiwanda kinafungwa. Watu 800 kazi hewani. Siku mbili tu, chama cha wafanyakazi kikakubali kila kitu, na kiwanda kikaendelea. Wapo wanaosema aliwaokoa. Mimi nina mjomba aliyewahi kupunguzwa kazi kiwandani, najua nyumba inavyonuka siku ile baba anaporudi saa nne asubuhi na barua mkononi, hakuna anayemsalimia.

Februari 2024 akaingia Manchester United, zaidi ya robo ya hisa, timu aliyoishabikia toka utoto. Tukashangilia. Julai wafanyakazi 250 wakaambiwa nafasi zao zinaondoka. Tiketi ikapandishwa hadi pauni 66 katikati ya msimu, mtoto na mzee bei moja. Hata Sir Alex Ferguson mkataba wake wa ubalozi wa klabu ukakatwa. Februari 2025 ikatangazwa awamu nyingine ya watu 150 hadi 200, na msosi wa bure wa mchana kwa wafanyakazi wa Old Trafford ukafutwa, wakabakiziwa matunda. Matunda, jamani!

Sasa sikia hii. Msimu huo huo klabu ilitumia pauni milioni 14.5 kuachana na kocha Erik ten Hag na wasaidizi wake, pamoja na mkurugenzi Dan Ashworth aliyedumu miezi mitano tu. Mama anayefuta viti kanyang'anywa sahani, waliokosea hesabu ofisini hawakunyang'anywa kitu. Timu ikamaliza nafasi ya 15.

Nilimrudia yule mshikaji wa ndoo nikamsimulia yote. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwa hiyo Jumapili huji?"

Nikamwambia aniwekee nafasi benchi la mbele. Kiingilio mia tano, na mwenye kibanda naye ameanza kusema ataongeza.