Babu Yako Alishukia Stesheni Gani?



Umefika miaka 18, umeenda kuomba kitambulisho. Jina lako ni Juma au Zainabu. Wenzako wa darasa moja wanatoa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi, kazi imeisha. Wewe unaulizwa: "Babu yako alitoka wapi?" Unanyamaza, kwa sababu nyumbani hakuna aliyewahi kukuambia.

Swali hilo lina ubaguzi ndani yake na tutazidi kulipinga. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, iko wazi: ukizaliwa na mama au baba ambaye ni raia, wewe ni raia. Babu hajatajwa. Lakini leo tunaongea na wewe, si na karani. Kwani mbona wewe mwenyewe hujui?

Hapa Muthurwa familia nyingi zilianza na mtu wa reli. Reli ilifika Nairobi 1899, na mji wenyewe ukaanzia hapo. Kati ya 1896 na 1901 waliletwa vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 walifia kazini. Ukienda Mombasa kwa basi, huenda umeshuka kuswali pale msikiti wa Mackinnon Road. Sayyid Baghali Shah aliyezikwa pale alikuwa mfanyakazi wa reli. Baadaye, kuanzia 1948 hadi 1977, shirika la reli lilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Mtu wa Tabora au Jinja aliweza kuhamishiwa Nairobi, akapewa chumba kwenye landi, akaoa, akazaa. Wajukuu wake ndio sisi.

Wazee wengi walinyamaza. Waliogopa kwamba ukisema ulitoka Tanganyika utaambiwa urudi. Hofu hiyo tunaielewa, lakini kuficha hakujatulinda. Angalia Wanubi wa Kibra: walisimama na historia yao ya babu walioletwa kama askari, na 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto ikaamua kwamba watoto wao walibaguliwa. Mwaka 2017 jamii ikapata hati ya ekari 288. Wamakonde nao 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai uraia, na wakaupata. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeshinda kwa kujifanya hakutoka popote.

Sasa fanya hivi. Keti na mzee wako, mwombe ruhusa, umrekodi kwa simu. Usianze na "ulikuja mwaka gani?" kama karani. Muulize alifanya kazi na nani, alilala wapi usiku wa kwanza. Miaka itajitokeza yenyewe. Kisha lile sanduku la chini ya kitanda: barua ya kazi, karatasi za pensheni, cheti cha nikaha, picha za zamani. Zipige picha, uziandike majina nyuma, uzirudishe. Nenda Makumbusho ya Reli, nenda Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue.

Halafu simulia. Waambie wadogo zako, waambie majirani. Namba za vitambulisho usiziweke mtandaoni, na jambo ambalo familia haitaki litoke, liheshimu.

Usingoje. Mwaka 2010 wakaazi wa Muthurwa walitakiwa kuhama, wakaenda kortini kutetea makao yao. Nyumba inaweza kubomolewa asubuhi moja, na mzee hatangoja upate nafasi.

Ijumaa hii baada ya swala usikimbilie viatu. Msalimie mzee wa safu ya mbele, umuulize alishukia stesheni gani.