Babu anaongelea treni tu? Mpimeni masikio kwanza

Karibu kila ukoo una mzee wa hadithi moja. Wajukuu wanaijua yote, wanaimalizia kabla hajafika katikati, halafu wanarudi kwenye simu zao. Wazazi wao ndio wanaobaki na wasiwasi: mbona siku hizi mzee anaishi zamani tu? Je, ndiyo ule ugonjwa wa kusahau umeanza?

Si lazima. Na kwa mzee mmoja wa Morogoro, jibu lilikuwa mahali ambapo familia haikuangalia kabisa.

Mzee huyu ana miaka 77 na alikuwa dereva wa treni. Ameomba nisiandike jina lake, asije akaambiwa na wenzake waliobaki kwamba anajitafutia sifa. Aliajiriwa mwaka 1969 na reli ya Afrika Mashariki, akaanza kama msaidizi wa kuangalia moto na maji kwenye injini za mvuke, kisha akapanda hadi kukabidhiwa injini za dizeli. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 aliamka akiwa mfanyakazi wa Shirika la Reli Tanzania, njia ikiwa ileile na nyumba ileile.

Ukitaka kumfurahisha, muulize kuhusu mvuke. Atakwambia injini ya mvuke ina tabia kama mtu: ukiinyima maji inakasirika, ukiiharakisha mlimani inakuaibisha mbele ya abiria. Dizeli unaiwasha, anasema, lakini mvuke unaubembeleza. Atakueleza kwamba reli hii ya kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, na kwamba dereva mzuri aliijua kwa nyayo zake, akahisi kona kabla ya kuiona gizani.

Injini anayoitaja kwa heshima kuliko zote hakuwahi hata kuiendesha. Ni zile Garratt kubwa za daraja la 59, zilizotengenezwa na Beyer Peacock huko Manchester, Uingereza, katikati ya miaka ya 1950. Zilikuwa 34, kila moja na uzito wa zaidi ya tani 250, na zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi kwenye reli yenye upana wa mita moja tu. Kila injini ilipewa jina la mlima. Mbili zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi: Mount Gelai na Mount Shengena. Gelai uko karibu na Ziwa Natron, Shengena uko Upareni. "Milima yetu wameiegesha Nairobi," mzee ananiambia, na anacheka peke yake.

Akimaliza treni anahamia kwenye magari. Kwake yeye gari ni Peugeot 404, basi. Ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968. Miwili kati ya ushindi huo ililetwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, jambo ambalo mzee hulisema kama vile yeye ndiye aliyekaa kiti cha pembeni. Kisha muziki. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo starehe ilikuwa redio, sinema na dansi, na kwa dansi mtu wa Morogoro hakuwa na haja ya kusafiri. Mji ulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, bendi iliyokwenda kupiga Osaka, Japani, kwenye maonesho ya dunia ya mwaka 1970. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979. Mzee anakumbuka alikuwa stesheni gani habari zilipomfikia.

Sasa sikiliza upande wa binti yake, anayeishi naye. Baba haulizi tena habari za nyumbani. Anajibu kitu ambacho hakuulizwa. Familia ikikaa mezani anakula haraka na kutoka nje. Mjukuu wa miaka sita amefikia hatua ya kusema babu hampendi, kwa sababu akimwita hageuki. Lakini mguse treni, ataongea saa nzima. Ndugu walishakaa kikao, na uamuzi ulikuwa kwamba akili ya mzee imechoka. Walianza hata kuzungumza juu yake mbele yake, kama watu wanavyozungumza mbele ya kabati.

Nilipokaa naye uso kwa uso, barazani, redio ikiwa imezimwa, mzee hakukosea swali hata moja. Alijua tarehe, alijua pensheni imeingia lini, alijua asubuhi amekunywa uji wa ulezi. Mjukuu alipomwita kutoka nyuma yake, hakutikisika.

Aliendesha injini zaidi ya miaka thelathini. Viwango vya usalama kazini katika nchi nyingi vinaweka mpaka wa desibeli 85 kwa siku ya kazi ya saa 8. Honi ya treni inavuka hapo kwa mbali. Ndani ya sikio kuna chembe hai zenye vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Kelele ya miaka mingi inaziua taratibu, na zikifa hazioti tena. Zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba. Sauti nzito zinabaki, kwa hiyo mzee anasikia kwamba mtu anaongea, ila herufi kama s, f na sh zinampotea. Kwake "suka", "shuka" na "futa" ni neno moja. Na sauti nyembamba kuliko zote nyumbani ni ya nani? Ni ya mtoto wa miaka sita.

Hapo ndipo hadithi za treni zinapopata maana nyingine. Kuongea na watu watano mezani kunadai masikio. Kuhadithia hakudai. Anayehadithia ndiye anayechagua njia, anajua stesheni inayofuata, na hakuna atakayemuuliza kitu asichokisikia. Naamini wazee wengi tunaosema wanaishi zamani wamekimbilia huko kwa sababu ndiko mahali pekee wanakosikia vizuri.

Si kwamba kukumbuka zamani kuna ubaya. Neno nostaljia lilibuniwa mwaka 1688 na mwanafunzi wa udaktari, Johannes Hofer, kama jina la ugonjwa wa Waswisi waliotamani nyumbani wakiwa ugenini. Leo hakuna daktari atakayekuandikia dawa yake. Ni kawaida mtu mzima kukumbuka zaidi mambo ya ujana wake, na kuwasikiliza wazee wakisimulia maisha yao hutumika hata katika kuwahudumia wenye ugonjwa wa kusahau. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2018 yaliona manufaa, ingawa ni madogo na hayakuwa sawa kila mahali. Si tiba, lakini haigharimu kitu.

Cha kukutia wasiwasi ni kingine. Mzee anayepotea kwenye njia anayopita kila siku, anayeshindwa kuhesabu chenji aliyoizoea, anayesahau leo asubuhi hata ukimkumbusha kwa upole, au aliyebadilika tabia kiasi cha kukushangaza: huyo apelekwe hospitali. Na masikio yapimwe pia, kwa sababu mambo haya mawili yanaweza kuwa pamoja. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet, mwaka 2024, liliweka kupoteza usikivu miongoni mwa vihatarishi 14 vya ugonjwa wa kusahau ambavyo vinaweza kudhibitiwa.

Anza na kliniki ya masikio, pua na koo. Wakati mwingine tatizo ni nta tu iliyoziba, na inatolewa siku hiyohiyo. Usiichokonoe nyumbani kwa vijiti vya pamba, utaisukuma ndani. Usikivu ukipotea ghafla, ndani ya saa au siku chache, hiyo ni dharura, usisubiri wiki iishe. Akipewa kifaa cha kusaidia kusikia, mwambie mapema kwamba wiki za kwanza kitamuudhi: hata sufuria zitagongana kwa kelele. Wengi hukitupa droo wiki hizo.

Wakati mnasubiri miadi, zimeni televisheni mnapoongea naye. Njoo mbele yake aone midomo. Usipige kelele, maana kelele inavuruga maneno. Punguza kasi tu. Mfundisheni mtoto amguse babu mkono kwanza, ndipo aseme.

Binti wa dereva wetu ameshapata tarehe ya kipimo. Mzee mwenyewe hana habari nayo sana. Anachotaka kujua ni lini atapandishwa treni mpya ya umeme, ambayo tangu Juni 2024 inampita hapo Morogoro kwenda na kutoka Dar es Salaam. Ameshasema atakaa behewa la mbele, karibu na injini.