Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa: Waandikeni wazee wa Kagera wangali hai

Mheshimiwa Waziri,

Ofisi yako sasa iko Mtumba, si mbali na Hombolo, ambako mwaka huu tumemzika baba yetu akiwa mzee sana. Aliondoka hapo akiwa mgambo mwaka 1978 kwenda vita vya Kagera. Nakuandikia hadharani kwa sababu ninaloliomba si la ukoo wetu peke yake: wazee waliopigana vita vile, walioko Dodoma na kwingineko, wahojiwe, waandikwe na sauti zao zihifadhiwe.

Oktoba 29, 2024, Jenerali mstaafu David Musuguri alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 104. Alijiunga na King's African Rifles mwaka 1942, akaja kuongoza Divisheni ya 20 katika vita vya kumng'oa Idi Amin, kisha akawa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi kuanzia 1980 hadi 1988. Alizikwa Butiama kwa heshima za kijeshi, kama ilivyostahili. Redio ilipotangaza msiba ule, baba alitunyamazisha sote uani, akaanza kutaja wenzake waliokuwa chini ya jemadari huyo: huyu wa Mvumi, yule wa Kibaigwa, mwingine wa Bahi. Mjukuu mmoja akawa anaandika nyuma ya daftari la hesabu. Mzee akachoka kabla ya kumaliza, na orodha ile haikuendelea tena. Mheshimiwa, hadi leo sijui kama majina yale yameandikwa pamoja mahali pengine popote.

Amin alipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 na kulivunja daraja la Kyaka, jeshi letu lilihitaji watu wengi, na mgambo wakaitwa kutoka kila pembe ya nchi. Vijana wa Ugogo, waliozoea vumbi na mvua za miezi michache, wakajikuta kwenye matope na migomba. Baba alisimulia matope kuliko risasi. Alisimulia kutembea: Mutukula, Masaka, Lukaya, hadi Kampala iliyoanguka Aprili 11, 1979. Wengine waliendelea hadi karibu na mpaka wa Sudan. Sehemu kubwa ya safari hiyo askari wa miguu waliikata kwa miguu kweli. Wenzao wengi wamelala Kaboya, wilayani Muleba.

Lakini vita vile kwa baba vilikuwa miezi tu, na maisha yaliyofuata yalikuwa miaka zaidi ya arobaini. Ndiyo sehemu ninayoogopa itapotea kwanza.

Alirudi kwenye nchi iliyoishiwa. Mwalimu Nyerere alikuwa ameomba tufunge mikanda kwa miezi 18, na miezi ile ikazaa miaka ya foleni za sukari na sabuni. Baba alilima uwele na karanga, baadaye akapanda mizabibu. Mwaka ambao uwele ulikauka ungali mchanga, aliuza ng'ombe mmoja mmoja ili tusirudishwe nyumbani kwa kukosa ada. Rafiki yake wa Chamwino hakurudi kutoka Uganda. Watoto wa marehemu walikulia kwetu, tukila nao sahani moja, na hakuna mgeni aliyewahi kuambiwa yupi wa kuzaliwa na yupi wa kulelewa. Mama alipopoteza uwezo wa kuona, baba ndiye aliyesonga ugali na kupika mlenda. Wanaume wa rika lake hawakuifanya kazi hiyo mbele za watu. Yeye aliifanya uani, mchana kweupe, na aliyekuja kumsalimia alikaribishwa ale.

Mimi nayahesabu hayo nayo kuwa utumishi kwa taifa. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, mkuki na ngao vinawekwa mnarani, na viongozi wa dini wanaomba. Naiheshimu sana siku hiyo. Ila inawataja kwa ujumla, na ni ya asubuhi moja.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa anakaribia 70, na wengi walikuwa wakubwa kuliko hapo. Kazi hii haihitaji mnara mwingine. Watendaji wa kata wanawajua wazee hawa. Chuo Kikuu cha Dodoma kina wanafunzi wa historia wanaotafuta mada za utafiti, na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa inajua namna ya kutunza sauti na maandishi. Kinachokosekana ni agizo la Wizara yako na bajeti ya nauli na vinasa sauti. Anzeni na wilaya za mkoa huu, Kondoa na Chemba hadi Mpwapwa. Wahojiwe wajane pia, maana wao ndio walioishi na yale ambayo waume zao walirudi nayo, hata ndoto za usiku.

Mama yetu bado yupo Hombolo. Haoni, lakini anakumbuka kila aliyeondoka na baba, na nani alirudi. Daftari la mjukuu tunalo, na tutawapa nakala. Mkituma watu, waje asubuhi, kwa sababu mchana hulala.

Kwa heshima,
Binti wa mgambo
Hombolo, Dodoma