Kibandiko cha Kufua
Mgonjwa aliyevuka na kivuko kutoka Ukerewe akapandishwa hospitali ya Bugando, Mwanza, akipimwa umeme wa moyo huwekewa elektrodi kumi, yaani vipokezi vya umeme huo. Zile za kubandika, zenye gundi na jeli ya chumvi, hutupwa baada ya kipimo. Jeli ikikauka, mchoro wa umeme huo huvurugika. Elektrodi za vikombe vya kufyonza hutumika tena, ila huacha alama kifuani. (Einthoven, mwanzilishi wa kipimo hiki na mshindi wa Nobel 1924, alitumbukiza mikono na mguu wa mtu kwenye vyombo vya maji ya chumvi!) Mimi naona tutumie elektrodi za vitambaa vyenye nyuzi za madini ya fedha: hupitisha hewa, na jasho la Mwanza, linalobandua gundi, kwenye vitambaa hivyo husaidia umeme kupita. Kazi iliyobaki ni kuzuia sabuni isizimalize hizo nyuzi.