Umestaafu? Usigawe Mkoba Kabla Hujaumwaga

Mama wa mwenzetu mmoja hapa kazini alistaafu ualimu alipofikisha miaka 60. Wiki ya tatu nyumbani akafungua kabati na kuanza kuhesabu mikoba. Alifika 27 akaacha. Kulikuwa na ule mkubwa mweusi wa kubebea vitabu vya kusahihisha, wa kahawia wa mikutano ya wazazi, na ya kanisani ya kila aina. Kulikuwa na vipochi vya harusi, kila kimoja na rangi ya sare ya harusi yake, na viondo viwili vya mkonge ambavyo shosho alimsukia. Hapo hujagusa hereni, mikufu, mishipi, skafu na saa tatu zilizokufa betri.

Wikendi hiyo binti yake akaja na gunia. "Mama, huu wa kazi utaupeleka wapi tena? Tuugawe tu."

"Ngoja kwanza. Msinikimbize."

Mama akauchukua ule mweusi na kuumwaga mezani. Zikatoka kalamu nyekundu, risiti, karatasi za mshahara za zamani, nakala mbili za kitambulisho, na laini ya simu iliyofungwa kwa tishu. Halafu kwenye kile kimfuko kidogo cha zipu kikatoka kikaratasi chenye nambari nne. Ilikuwa PIN yake ya pesa za simu, ile ile anayotumia mpaka leo.

Fikiria mkoba huo ungekuwa umeshaenda na gunia.

Tuseme ukweli, sisi vijana tunapenda sana kuwaharakisha wazazi. Tunaona nyumba imejaa, tunataka nafasi. Maoni yetu ni haya: kupunguza mikoba na mapambo baada ya kustaafu ni wazo zuri, lakini ni jambo la pesa na usalama kwanza, usafi wa nyumba unafuata. Na mwenye kuamua awe ni yule aliyeibeba.

Kwa nini wakati huu

Ukistaafu, pesa zako hubadilika. Mshahara unakoma, malipo ya kustaafu yanaingia, pensheni inaanza. Matapeli wanajua hilo. Mtu anayekupigia simu akiwa na jina lako kamili, nambari ya kitambulisho na mahali ulipofanya kazi, anasikika kama mtu wa ofisi. "Mama, faili yako ya pensheni imekwama, nisomee tu nambari iliyoingia kwa simu yako." Wengi wanaotapeliwa hivi si wajinga. Wameamini kwa sababu anayepiga anajua mambo yao.

Na hayo mambo hupatikana wapi? Mengine yako kwenye karatasi zilizosahaulika ndani ya mkoba. Kwa nakala ya kitambulisho na maelezo machache, tapeli anaweza hata kujaribu kusajili upya laini yako kwenye kadi nyingine. Akifaulu, simu yako inapoteza mtandao na meseji zako za pesa zinaanza kuingia kwake.

Mwaga kila kitu mezani

Fungua kila zipu. Pitisha mkono hata pale kitambaa cha ndani kimechanika, maana vitu hupenda kuingia huko. Halafu panga unachopata:

- Nakala za kitambulisho, karatasi za mshahara na fomu za benki: usizitupe zikiwa nzima. Zile huhitaji tena zichane vipande vidogo au uzichome.
- Kadi za benki zilizoisha muda: zikate kwa makasi, ukipitia kwenye ile chipu na ule mstari mweusi wa nyuma.
- Kikaratasi chenye PIN: kukichana hakutoshi, kwa sababu hujui nani alishakiona. Badilisha PIN siku hiyo hiyo. Usitumie mwaka wa kuzaliwa.
- Laini ya zamani: iweke kwenye simu uone kama bado inafanya kazi na kama kuna salio. Kisha jiulize, kuna benki, sacco au chama ambacho bado kina nambari hii kama yako? Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika inaweza kufungwa, na nambari ikapewa mtu mwingine. Meseji za akaunti yako zitamfikia yeye. Nenda ubadilishe nambari huko benki kabla hujaitupa hiyo laini.

Laini ya mwalimu wetu ilikuwa bado inaishi. Ndiyo nambari aliyoandikisha sacco miaka mingi iliyopita, na ndiyo maana alikuwa akilalamika kwamba hawamtumii meseji.

Uuze mwenyewe, kwa laini yako

Sasa tuangalie mikoba yenyewe. Ngozi halisi ikipanguswa na kupakwa mafuta yake inarudi, na zipu iliyokwama fundi wa viatu anaitengeneza. Ile ya ngozi bandia ikianza kubanduka kama maganda, haina dawa. Usimpe mtu kama zawadi kitu ambacho wewe mwenyewe huwezi kubeba. Kiondo cha mkonge kilichosukwa kwa mkono, fikiria mara mbili kabla ya kukiuza.

Ile mizuri ina soko. Wanawake wengi mjini huvaa mitumba, na mkoba safi wa mwenye kuutunza ni bora kuliko wengi uliotoka kwenye beli. Wauzie majirani, wenzako wa chama, au yule msichana wa kanisani aliyeajiriwa juzi na anatafuta mkoba wa ofisi. Piga picha mchana karibu na dirisha, sema bei, na useme kasoro zake.

Kwenye kupokea pesa, hapo ndipo tunakuomba uwe mkali:

1. Pesa ziingie kwenye laini yako. Binti akitaka kusaidia na picha ni sawa, lakini malipo yaende kwa mwenye mali. Hivyo hakuna maneno baadaye.
2. Usiamini meseji peke yake. Meseji ya uongo huandikwa ifanane na ya kweli na hutoka kwa nambari ya kawaida. Angalia salio lako kwanza, ndipo mkoba utoke mkononi.
3. Kupokea pesa hakuhitaji PIN. Mnunuzi akikuambia uingize PIN ndio pesa "zifunguke", kata simu.
4. Akidai ametuma zaidi kimakosa na anataka umrudishie haraka, usitume chochote. Mwambie apigie huduma kwa wateja, na wewe upige pia kwa nambari rasmi unayoijua.
5. Mnunuzi usiyemjua, mkutane mahali penye watu. Usimwelekeze mpaka mlangoni.

Hizo pesa ndogo nazo zina heshima

Mia tano hapa, elfu moja pale, zinaonekana kidogo. Lakini ukiziacha kwenye salio la kila siku zitaishia kwenye tokeni za stima na nauli za wajukuu, na mwisho wa mwezi hutajua zilikwenda wapi. Zihamishe kwenye akiba siku ile ile mkoba unapouzwa, na uipe akiba hiyo kazi moja. Inaweza kuwa miwani mipya, michango ya bima ya afya, au kuku wa kuanzia. Mwalimu wetu alisema zake ni za kubadilisha miwani, na hakuna mtoto aliyethubutu kumkopa.

Kuna watakaosema, mzee asisumbuliwe na mambo ya simu, mtoto amfanyie tu. Hatukubali. Mtu aliyeshika daftari za darasa la wanafunzi hamsini hawezi kushindwa kuangalia salio. Tukimfanyia kila kitu tunachukua PIN yake kwa jina la msaada, na siku tapeli akipiga atakuwa hajui hata meseji ya kweli inafanana vipi. Kaa naye, mwonyeshe mara tatu, halafu umwache abonyeze mwenyewe huku ukiangalia pembeni anapoingiza PIN.

Na kama kuna mkoba hataki kuuachilia, muache nao. Miaka mingi mtu amejulikana kwa kazi yake, na mkoba wa kazi ulikuwa sehemu ya jina lake. Huwezi kumwambia autoe Jumamosi moja kwa sababu wewe umekuja na gunia.

Mwalimu alibakiza saba. Viondo vyote viwili viko, na ule mweusi pia. Siku hizi unabeba vitabu vya chama, kwa sababu wamemchagua mweka hazina.

Nasi Jumatatu tuliporudi ofisini tulimwaga mikoba yetu kwenye meza ya chai, wanaume na mabegi yao ya mgongoni pia. Tulipata nakala nne za vitambulisho, kadi mbili za benki zilizoisha muda, na kikaratasi kimoja chenye nambari nne. Hatutamtaja mwenyewe, lakini ameshabadilisha PIN. Leo jioni ni zamu yako. Umwage wako, halafu umpigie mama.